Binti yangu anacheza Li Ji, yule msichana wa Kichina aliyeua joka. Kuna maneno mawili anakataa kuyasema, niyatoe?

Mama_Makorora
Habari zenu wadau, poleni na majukumu. Naomba ushauri na nitaandika kirefu mnivumilie, jambo lenyewe nalibeba moyoni wiki ya pili sasa.

Mi niko Tanga mjini, Makorora. Kila Jumamosi nakaa na watoto wa mtaani kwetu, wanafika kama ishirini, tunasoma hadithi na kuzicheza. Ukumbi hatuna, tunatumia uwanja wa jirani chini ya mwembe. Sasa mwezi ujao shule yao ina mahafali ya darasa la saba na mwalimu kaniomba tupeleke mchezo wa nusu saa. Mwaka jana tulicheza sungura na fisi, mwaka huu nikasema hapana, nataka hadithi ambayo mtoto wa kike ndo anashika upanga, nikaikumbuka hii ya Li Ji niliyoisoma zamani na sijaisahau mpaka leo.

Kwa wasioijua ni hivi. Paukwa. Kusini ya China, kwenye milima ambayo leo iko mkoa wa Fujian, kulikuwa na mlima unaitwa Yong na kwenye ufa wa upande wa kaskazini magharibi likakaa joka. Watu wakafa, mpaka maofisa wa serikali wakafa. Wakatoa sadaka ng'ombe, wakatoa kondoo, wapi. Joka likawa linawajia watu ndotoni, mara linasema kupitia waganga, kwamba linataka kula mabinti wa miaka 12 na 13. Hapa ndo pananiuma mie, wakubwa badala ya kutafuta wa kuliua wakaanza kutafuta watoto wa kulilipa. Wakawa wanachukua mabinti waliozaliwa na wajakazi kwenye majumba ya watu na mabinti wa familia zilizohukumiwa, wanawalea, ikifika siku ya kwanza ya mwezi wa nane (kwa kalenda yao ya mwezi, sio Agosti hii yetu) wanampeleka mmoja mlangoni mwa pango, joka linatoka linameza. Mwaka kwa mwaka mpaka wakafika mabinti tisa.

Akawa anatafutwa wa kumi. Wilaya ya Jiangle kuna mzee anaitwa Li Dan, ana mabinti sita, wa kiume hana hata mmoja, na kitindamimba wake ndo huyu Ji. Ji akasema nitakwenda mimi. Wazazi wakakataa kabisa wanampenda mtoto wao. Akawabembeleza kwa maneno ambayo nitayasema chini huko, wakakataa tena, basi akatoroka kimyakimya. Alipofika kwa wakubwa akaomba vitu viwili tu, upanga mzuri na mbwa anayeng'ata nyoka. Siku ilipofika akaenda kukaa kwenye hekalu la lile joka, upanga kifuani, mbwa mkononi. Alikuwa kashatengeneza mikate ya mchele mingi sana, kaimwagia asali na unga wa nafaka iliyokaangwa, kaiweka mlangoni mwa pango. Joka likatoka, kichwa kama kihenge cha mpunga, macho kama vioo viwili vikubwa, likasikia harufu ya mikate likaanza kula mikate kwanza. Ji akamwachia mbwa, mbwa akang'ata, Ji akaja kwa nyuma akalikata mapigo kadhaa, maumivu yakalizidi likaruka nje mpaka uani likafa hapo. Ndo akaingia pangoni akakuta mafuvu ya wale wasichana tisa akayatoa yote nje. Kisha akarudi kwao anatembea taratibu.

Sasa tatizo langu. Binti yangu ana miaka 12, yuko darasa la sita, ndo anacheza Li Ji. Kuna sehemu mbili kagoma. Ya kwanza ni pale Ji anapowaambia wazazi kwamba nyinyi hamna bahati, mna mabinti sita na hakuna mvulana, mna watoto lakini ni kama hamna, mi siwezi kuwalisha, nakula bure navaa bure, kuishi kwangu hakuna faida bora nife mapema, na mkiniuza angalau mtapata pesa kidogo. Binti yangu kasema mama mi siwezi kusimama mbele ya watu nikasema hivyo. Ya pili ni pale anapoyatoa mafuvu anasema nyinyi mlikuwa waoga na wanyonge ndo mkaliwa na nyoka, inasikitisha sana. Hapo akaniambia, mama wale hawakupewa upanga.

Nilikosa jibu. Niyatoe hayo maneno? Au nikiyatoa nitakuwa naisimulia hadithi nyingine? Naomba mnisaidie kwa moyo safi.

Kijana_wa_Raskazone
Dada hongera kwa kazi hiyo ya watoto, wachache sana wanajitolea. Mi ningetoa yote mawili. Watoto wa sasa wanasikia mengi mabaya mtandaoni huko, hakuna haja ya kumfundisha mtoto wa kike kusema bora nife. Alafu samahani, huyu si ndo yule Mulan wa kwenye katuni? au ni wawili tofauti?

Nilisoma_Xiamen
Wakuu habari, mleta uzi umenigusa kweli maana nimeishi Xiamen miaka minne, mkoa huohuo wa Fujian, na hadithi hii wenzetu kule wanaijua.

Kwanza nimjibu kijana wa Raskazone, ni wawili tofauti kabisa kaka. Mulan ni wa kaskazini, anatoka kwenye shairi la zamani la kuimbwa, kamwakilisha baba yake jeshini kavaa kama mwanamume, shairi linasema alirudi baada ya miaka 12, mfalme akampa cheo akakikataa akaomba mnyama wa kumfikisha kwao tu. Hata hilo jina la ukoo analoitwa siku hizi kwenye lile shairi halimo. Li Ji yeye ni wa kusini, hakujificha nguo za mtu yeyote, alikwenda kama msichana na kilichotakiwa ni msichana.

Hadithi ya Li Ji tunaipata kwa Gan Bao, alikuwa mwanahistoria wa serikali enzi za utawala wa Jin, alifariki mwaka 336. Alikusanya habari za mambo ya ajabu, mizimu, miujiza, wanyama wanaogeuka, na hii ni mojawapo, fupi sana kwa Kichina, haijazi hata ukurasa mmoja wa kitabu cha leo. Jiangle ipo mpaka leo, ni wilaya ya bara huko milimani, sio pwani kama Xiamen. Yule mfalme wa Yue anayekuja mwishoni mwa hadithi, ambae mleta uzi hajamtaja, ni wa ufalme wa zamani zaidi ambao dola ya Han iliuvunja mwaka 110 KK, kwahiyo Gan Bao aliandika jambo ambalo kwake nae lilikuwa ni la kale, na anamalizia kwa kusema nyimbo za habari hiyo zilikuwa bado zinaimbwa.

Vipimo kama utataka kuwatengenezea watoto joka: urefu wake umeandikwa zhang saba au nane (zhang ni kipimo cha Kichina), kwa vipimo vya enzi zile ni kama mita 16 mpaka 19, yaani kama basi kubwa la abiria moja na nusu. Macho yalikuwa kama vioo vya upana wa karibu nusu mita.

Sasa kuhusu maneno. Mleta uzi umeruka kitu kimoja na ndo ufunguo wenyewe kwa maoni yangu. Katika yale maneno ya kwanza Li Ji anasema pia kwamba mimi sina sifa kama ya Tiying aliyemwokoa baba yake. Huyu Tiying ni nani? Ni binti wa tabibu mmoja aitwae Chunyu Yi, mzee huyo alikuwa na mabinti watano tupu. Akakamatwa na kupelekwa mji mkuu Chang'an kuadhibiwa, na adhabu za wakati ule zilikuwa za kukatwa viungo, na wakati anachukuliwa akawakaripia mabinti zake kwamba nimezaa wasichana watupu, likitokea la kutokea hakuna wa kunifaa. Aliyeinuka ni kitindamimba, Tiying. Akamfuata baba yake njia nzima mpaka mji mkuu, akaandika barua kwa mfalme Wen kwamba aliyekufa hafufuki na kiungo kilichokatwa hakiungiki tena hata mtu akitaka kutubu, na akajitoa yeye awe mtumwa wa serikali ili baba yake asamehewe. Mfalme akazifuta zile adhabu za kukata viungo, hiyo ni mwaka 167 KK.

Kwahiyo angalieni, Ji anasema mabinti ni kama hakuna, alafu pumzi hiyohiyo anamtaja binti wa mwisho katika nyumba ya mabinti watupu ambae baba yake alisema maneno yaleyale na akaaibika. Msikilizaji wa Kichina wa enzi zile akisikia jina Tiying tu anajua huyu mtoto ana jambo. Mdomo unajishusha lakini mfano alioutoa unasema kingine. Ukitoa maneno yale unamtoa na Tiying.

Na jina lake Ji, kwa maandishi yao, ni neno la kitu kilichowekwa kwa mtu, kukabidhiwa, kama vile sisi tunavyosema amana.

Bi_Kumimina
Assalam aleikum wanangu. Mimi sina elimu ya Kichina, mimi ni mpishi, nauza mkate wa kumimina na vibibi hapa Ngamiani tangu wajukuu zangu hawajazaliwa, wananiandikia hapa mjukuu wangu nikisema.

Nimeisikia hadithi nikamwambia rudia tena pale kwenye mikate. Mwanangu Mama Makorora, usiipite haraka ile sehemu, utaiharibu. Mtu akisema mikate ya mchele na asali watu wanadhani kitu kidogo. Mchele huo umeoshwa, umerowekwa, umetwangwa, umepikwa, alafu mwingi, mjukuu wangu anasema huyo kijana wa Kichina angetuambia kiasi. Mtoto wa miaka kumi na mbili akae apike mchele wote huo na huku anajua kesho kinachomngoja. Mimi nikiwa na hofu hata kitumbua kinaniganda kwenye kikaango. Yule aliyekaa jikoni siku ile akahakikisha asali imeingia vizuri ndani ya mkate, huyo ndo shujaa wangu mie, upanga ulikuja baadae. Joka lingetoka na njaa lingemuona yeye kwanza. Lilipotoka na harufu ya asali puani likainamisha kichwa chini, ukishainamisha kichwa kwenye chakula mgongo unabaki wazi, kila mtu aliyewahi kuchinja anajua.

Na kuhusu maneno, mwache ayaseme. Nitasema kwanini. Mimi baba yangu, Mungu amrehemu, alinitoa shule nilipofika darasa la nne, kaka zangu wakaendelea. Hakunipiga wala hakunitukana. Alisema tu, taratibu, wewe utaolewa, ada hiyo tutakuwa tumeitupa. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nachambua mchele, nakumbuka mpaka rangi ya ungo. Nimeyabeba maneno yale miaka sitini. Sijawahi kuyasikia yakisemwa hadharani mbele ya watu na kila mtu akayasikia jinsi yalivyo. Yasemwe. Wakae wayasikie.

Ada ya mikate msihangaike, niambieni siku, nitawapikia sinia la kweli, mchele wa Mombo, na asali ya Handeni ninayo. Watoto wasile mikate ya karatasi stejini.

Nilisoma_Xiamen
Shikamoo Bi. Kiasi kimeandikwa, ni shi kadhaa, na shi moja ya wakati ule ni kama lita 20, yaani ile ndoo kubwa ya maji. Ndoo kadhaa za mikate. Umesema kweli, sijawahi kuiangalia kwa macho hayo.

Bi_Kumimina
Marahaba mwanangu. Ndoo kadhaa! Basi hakulala.

Mkwaju_wa_Pangani
Mimi naomba nizungumzie wale tisa maana naona tunawapita, na huyo binti wa miaka 12 kawaona kabla yetu sote.

Pale mleta uzi anaposema mabinti waliozaliwa na wajakazi kwenye majumba ya watu, sisi watu wa Pwani hatuhitaji kuzunguka, neno tunalo, wazalia. Mzalia ni mtumwa aliyezaliwa nyumbani kwa bwana wake. Mimi ni wa Pangani, zile nyumba za mawe kando ya mto tunapita mbele yake kila siku tukienda kupanda kivuko, na misafara ya watu na pembe iliishia pale. Mwalimu wangu wa historia alikuwa akitusimamisha pale anatuambia waangalieni waliojenga. Kwahiyo nikisoma kwamba serikali ilianza na wazalia na watoto wa wafungwa, naelewa bila kuelezwa. Joka halikusema nataka watoto wa maskini, joka lilisema mabinti wa miaka 12 na 13 basi. Ni watu ndo walichagua ni wa nani.

Bibi yangu alikuwa akitusimulia ya nunda mla watu, nadhani wengi mnaijua. Sultani ana paka, paka akala kuku, watu wakalalamika sultani akasema paka wangu na kuku wangu. Akala mbuzi, paka wangu na mbuzi wangu. Kila siku paka anakua na sultani anajibu vilevile mpaka paka akaingia msituni akawa nunda, akala watu, akala watoto wa sultani mwenyewe, na aliyekwenda kumtafuta ni kitindamimba vilevile, analeta mnyama huyu mama yake anamwambia mwanangu siye, analeta yule mwanangu siye, mpaka siku alipomleta mwenyewe. Nunda alilelewa. Hata joka la mlima Yong baada ya ile miaka tisa lilikuwa la kufugwa, linaletewa chakula mlangoni kwa tarehe.

Sasa yale maneno ya Ji kwa wale mafuvu, kwamba mlikuwa waoga. Mimi yananiuma kama yanavyomuuma mtoto wetu. Walilelewa wakijua wanalishwa kwa ajili gani. Hakuna aliyewauliza mnataka upanga gani. Ji alikwenda kwa hiari yake, mtu huru, mtoto wa Li Dan, ndo maana alipoomba mbwa alipewa. Mimi ningesema hayo maneno yabaki lakini wale tisa wasiwe mafuvu tu. Wekeni wasichana tisa stejini tangu mwanzo, wapite mmoja mmoja, watazamaji wawahesabu. Mtu akishawahesabu tisa, Ji akija kusema mlikuwa waoga kila mtu ukumbini atajibu mwenyewe kimoyomoyo kama binti yako alivyojibu.

Nilisoma_Xiamen
Mkuu Mkwaju hapo umenifundisha. Niongeze kidogo tu, kwenye maandishi ile sentensi hasemi kwa dharau, anaisema kwa kupaza sauti kama mtu aliyeshtuka na kuumia, na inaishia na neno la huruma nzito. Nikiisoma mimi naisikia kama mtu anayemgombeza ndugu yake aliyekufa, kwanini hukuniambia, kwanini ulikwenda. Sisi nasi msibani tunayasikia hayo, mtu analia huku anamlaumu maiti. Mwambie binti aijaribu hivyo.

Kijana_wa_Raskazone
Aisee nimesoma komenti zote nimebadilisha mawazo. Yabaki. Ila bado naomba lile la bora nife lilainishwe maana kuna watoto wa darasa la pili watakuwepo pale.

Na mwisho wa hadithi mnaufanyaje? Nimeisoma sasa hivi inasema mfalme alisikia habari zake akamuoa akawa malkia, baba yake akapewa uongozi wa wilaya ya Jiangle na mama na dada zake wakapewa zawadi. Mtoto wa miaka 12 anaolewa mbele ya wazazi kwenye mahafali ya darasa la saba?? Hapo mi nasema hapana kabisa, na hapo sibadiliki.

Mama_Makorora
Kaka hapo tuko pamoja, mchezo wetu unaishia anaporudi nyumbani. Msimuliaji atasema mfalme alipata habari, na baba yake akapewa wilaya aiongoze, na tangu siku ile nchi ile haikuwa na joka tena. La ndoa nitalisema kwa mdomo wangu kwa wakubwa wakiniuliza. Sitaki binti yeyote aliyevaa joho siku ile aone kwamba zawadi ya ushujaa wake ni kuolewa.

Baba_wa_Watano
Mi huwa nasoma tu humu siandiki. Ni fundi wa pikipiki nipo Chuda. Nina mabinti watano, wa kiume sina.

Sijui nianzeje. Kila nikienda msibani au harusini lazima mtu aniulize, fundi bado hujapata dume? Wengine wanasema pole, yaani mtu mzima ananipa pole na wanangu wamesimama pale wanasikia. Mkubwa wangu yuko kidato cha tatu, alishawahi kuniuliza usiku tunakula, baba wanakupa pole ya nini. Nikamwambia ya kazi. Nilimdanganya na alijua.

Huyo ndugu wa Xiamen kasema jina la mtoto maana yake ni amana. Nimeacha spana chini nikakaa. Amana si ya kuuza wala si ya kutoa pole, ukipewa unaitunza na utaulizwa. Yule mzee Li Dan mnamsema kama hayupo lakini mi nimemuona, alikataa mara mbili. Mtoto kamwambia kwa mdomo wake nina hasara kwako niuze, na yeye maskini ana sita, na pesa zipo mezani, akasema sitaki. Mbona hilo halisemwi? Mtoto alitoroka kwa sababu baba yake hakukubali kumuuza. Nawaomba huyo atakaecheza baba msimpe kusimama tu, mpeni neno la kusema. Aseme wanangu sita, awataje kwa hesabu mmoja mmoja, aseme siuzi.

Na binti aseme maneno yake yote, hata hilo la bora nife. Nitafunga kibanda siku hiyo, nitakaa mbele na wanangu wote watano.

Bi_Kumimina
Fundi, Mungu akutunzie. Nitafuta machozi kwanza.

Mkwaju_wa_Pangani
Fundi umesema kubwa kuliko sisi wote. Karibu uandike zaidi.

Mama_Makorora
Wadau nimechelewa kurudi, tulikuwa na mazoezi Jumamosi na Jumapili niliwapeleka baadhi ya watoto Amboni kule mapangoni, nilitaka binti yangu aone pango ni kitu gani kabla hajalicheza. Mnapajua, ukiingia ndani kidogo mwanga unaisha, popo juu, na kuna sehemu watu wanaacha sadaka zao za maombi. Muongozaji alizima tochi kidogo watoto waone giza. Wengine walipiga kelele. Yeye alinyamaza, tulipotoka akaniambia mama, kama mbwa asingeenda nae, Ji asingeweza. (Mbwa wetu ni mtoto wa kiume wa darasa la nne, mama yake alisita mwanzoni na mambo ya mbwa, nikamueleza kazi ya mbwa kwenye hadithi akakubali, na anabweka vizuri kuliko mbwa.)

Niwaambie tulivyoamua. Niliwasomea watoto majibu yenu yote, ya Fundi niliyasoma mara mbili. Maneno ya kwanza yanabaki na Tiying anarudi, binti yangu mwenyewe kasema atayasema lakini wakati anayasema atakuwa anachambua mchele kwenye ungo, hiyo kaitoa kwako Bi Kumimina. La bora nife tumelibadilisha kidogo kwa ajili ya wadogo, anasema kuishi kwangu kuna faida gani kwenu. Na Li Dan sasa ana neno lake. Kijana anayemcheza anawataja mabinti kwa kuwashika kichwani mmoja mmoja, wa kwanza, wa pili, mpaka sita, alafu anasema siuzi. Majina hatuna, hadithi imetaja la Ji tu, hesabu inatosha.

Wasichana tisa watakuwepo. Wanapita mbele kwa zamu wamejifunga kanga, wanakaa chini wanajifunika, na msimuliaji anasema mzalia, mzalia, binti wa mfungwa, mzalia. Mafuvu tumetumia vifuu vya nazi tisa, kila kifuu kipo chini ya kanga ya mmoja, akinyanyuka anakiacha pale.

Sasa yale maneno ya pili. Tulijaribu kama ndugu wa Xiamen alivyoshauri. Mara ya kwanza aliyasema kwa hasira, mara ya pili kwa kulia, zote hazikukaa. Mara ya tatu hakusimama kuyasema, alipiga magoti akaanza kuvibeba vile vifuu, kimoja kimoja, anakileta nje anakiweka kwenye jua, na kila kifuu anasema neno moja tu la ile sentensi. Ilichukua muda mrefu, mimi mwalimu wao nilitaka kumwambia harakisha, nikajizuia. Mpaka kifuu cha tisa watoto wote ishirini wamenyamaza, hata joka wetu (ni wavulana saba chini ya shuka za kijani) alitoa kichwa akatazama.

Kisha kaniuliza, mama imeandikwa alirudi taratibu, kwanini taratibu, mi ningekimbia niwaambie watu. Nikamwambia ndivyo ilivyoandikwa, jaribu. Akazunguka ule mwembe na upanga wake wa mbao begani, mbwa nyuma yake, taratibu kweli kweli. Nikamuuliza umeona nini. Kasema miguu ilikuwa inatetemeka, angekimbia angeanguka.

Bi Kumimina nakutumia ujumbe kuhusu asali. Fundi kiti chako kipo, na vya wanao.